Sola Iliyoambiwa Isitoke

Risala ya wazazi wa Shule ya Msingi Isunda, bondeni Momba, kwa Mheshimiwa Mlezi wa Mradi wa Kila Mtoto na Kompyuta Yake, Ijumaa, tarehe 14 Machi 2014

Mgeni rasmi, viongozi wa meza kuu, wageni mliokuja kwa magari, na sisi tuliokuja kwa miguu.

Mambo yetu yaliharibika Jumanne, tarehe 12 Machi mwaka jana, saa nne asubuhi, mtu mmoja alipoegesha ngazi kwenye ukuta wa zahanati yetu akapanda kufungua sola. Siku hiyo tunaitaja mapema, maana tumeambiwa risala isizidi dakika kumi na kwamba pilau ya wageni imeshaiva.

KARIBU TENA

Karibu Isunda kwa mara ya pili. Barabara tumeifagia tangu juzi, mawe ya pembeni tumeyapaka chokaa. Kochi ulilokalia ni la Abrahamu mwenye duka. Vitambaa vyake ni vya kina mama wa kwaya, vikombe ni vya kanisa, na zulia unalolikanyaga ni la bwana harusi wa mwezi ujao, kwa hiyo tunaomba soda isimwagike. Ndiyo desturi yetu. Mgeni akija, kijiji kinaazimana. Akiondoka, kila kitu kinarudi kwa mwenyewe kabla ya jua kuzama. Miaka yote hatujapoteza hata kijiko. Kitu kimoja tu hakijarudi, na tutakifikia.

Risala yenyewe ilitakiwa ipelekwe ofisini siku tatu kabla ili isahihishwe. Tuliipeleka, ikasahihishwa, na iko hapo mezani kwako, imechapwa vizuri, ukurasa mmoja, haina kosa. Hii unayosomewa ni nyingine. Hapa mtendaji wetu wa kijiji, Bwana Kasiani, atakohoa. Tunaomba apewe maji.

HISTORIA

Shule yetu ilianza mwaka 1991 kwa miti na nyasi. Matofali tulichoma wenyewe, mchanga kina mama waliubeba kwa vichwa. Zahanati nayo tuliijenga hivyo hivyo, na mwaka 2010 ikapata sola na betri kwa ajili ya friji. Ndani ya friji hiyo kulikuwa na chanjo za watoto, na sindano za kuzuia damu kwa mama akishajifungua. Dawa hiyo haitaki joto, na wewe mwenyewe unaona joto la huku bondeni, umeshabadilisha leso mbili.

Ndipo mwaka jana zikaja kompyuta. Arobaini na nane, ndogo, za kijani, zina masikio mawili kama mbuzi. Tulizipenda. Makaratasi yalisema kila mtoto atasoma dunia nzima akiwa amekaa hapa hapa Isunda. Hayakusema zitakula nini. Bwana Kasiani aligundua siku moja kabla hujafika kwamba zinakula umeme, na umeme wa karibu uko mbali sana, huko Mpemba kwenye barabara kubwa.

Yuko mzazi mwenzetu anaitwa Makoye. Alihamia huku na ng'ombe wake, akaingia kwenye kilimo cha mpunga. Ana darasa la nne tu, lakini hakuna baiskeli wala mashine ya kukoboa inayomshinda, na ana spana nzuri aliyoinunua Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Bwana Kasiani alimfuata shambani.

"Makoye, kesho tunaaibika. Sola ya zahanati tuiazime shule, siku moja tu."

Makoye hakuona tatizo. Siku hiyo hiyo kochi lilikuwa limeshaazimwa, na vikombe. Sola ina tofauti gani? Akapanda. Muuguzi wetu, dada Aida, akatoka nje mbio, mkono mmoja kashika kadi za kliniki.

"Shuka, Makoye! Friji ina sindano za kina mama!"

"Muuguzi, barafu si ipo?" Kasiani akajibu kwa niaba ya barafu. "Kompyuta isiyowaka ina tofauti gani na sahani? Mheshimiwa aje kukabidhi sahani?"

Makoye akacheka kule juu. Akasema, "Dada Aida, Alhamisi asubuhi nairudisha mimi mwenyewe. Kwani nitakufanyia ubaya? Mke wangu si mteja wako mwezi huu?"

Mke wake aliitwa Nyanzobe.

Jumatano ukaja, mgeni rasmi. Ukabonyeza, kompyuta zilizoonjeshwa umeme kidogo kidogo zikawaka zote, watoto wakapiga kelele. Ulifurahi kweli, tuliona. Ukashika kipaza sauti, ukanyoosha kidole juu ya paa la shule, ukasema, "Na sola hii isitoke hapa! Ni mali ya watoto hawa!"

Tukapiga makofi. Hatutaki kukuficha, tulipiga makofi sana, na vigelegele. Makoye naye alipiga, grisi ya sola ikiwa bado mikononi.

Alhamisi asubuhi alifika shuleni na ngazi yake kama alivyoahidi. Mwalimu Sebastian akamzuia pale pale mlangoni.

"Wewe jana hukuwepo? Mheshimiwa kasema isitoke."

"Alisema kwa furaha tu, mwalimu."

"Furaha ya mheshimiwa ni agizo. Unataka mimi nihamishwe?"

Makoye akachukua ngazi yake, akarudi nyumbani. Alijiambia atakuja Jumatatu, watu wakishapoa.

Nyanzobe alijifungua Jumamosi, saa nane mchana, mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Baada ya mtoto ikaja damu. Dada Aida alimchoma sindano ya kwanza, akamchoma ya pili. Zilikuwa zimelala siku nne kwenye kikapu chenye maji yaliyokuwa barafu. Hazikufanya kazi yoyote. Tukamlaza kwenye mkokoteni wa ng'ombe kuelekea kituo cha afya Msangano, Makoye akiwakimbiza ng'ombe wake mwenyewe, na dada Aida pembeni, mkono wake juu ya tumbo la mgonjwa. Hatukuvuka hata kijito cha kwanza.

Muuguzi anasema labda dawa nzima ingemwokoa, labda isingemwokoa. Yeye ni msomi, anajua kusema labda. Makoye hajui.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, mradi una mafanikio mengi, na tukiacha kuyataja tutaonekana hatuna shukrani.

Sola inaweza kushibisha kompyuta nne kwa siku. Watoto wa darasa la tano wako arobaini na nane, kwa hiyo zamu ya mtoto inarudi baada ya siku kumi na mbili, kama hakuna mawingu. Hizo siku kumi na moja nyingine watoto wetu wamejifunza kukaa kimya mbele ya kioo cheusi na mikono juu ya vitufe, jambo ambalo hata wasomi wa mjini hawaliwezi.

Kwa ajili ya ujio wako, kompyuta zote zimejazwa, na tangu ziguswe mara ya mwisho ni wiki mbili. Zitakapowaka leo, usishangae watoto wakipiga kelele kama mwaka jana. Nao wana hamu ya kuziona.

Maneno yaliyomo ndani ni ya Kiingereza. Mwalimu Sebastian amefanikiwa kutafsiri neno la kwanza.

Usalama umeimarika mno. Sola imewekewa mlinzi, mgambo Rubeni, anayekaa chini yake na rungu. Zahanati haina mlinzi, lakini na yenyewe haina tena cha kuibiwa. Friji ipo, dada Aida anatunzia madaftari humo, hayaliwi na mchwa. Chanjo zinaletwa kwa pikipiki siku ya kliniki na kuondoka jioni hiyo hiyo. Sindano za kina mama hazina pa kulala, kwa hiyo haziletwi kabisa.

CHANGAMOTO

Tumeelekezwa tusiziite matatizo. Basi tunayo changamoto moja.

Baada ya msiba Makoye alikwenda kwa Bwana Kasiani, akaambiwa aandike barua. Akaandika. Barua ikapanda wilayani, ikajibiwa kwamba suala lake linashughulikiwa. Akaandika tena, likawa bado linashughulikiwa. Mara ya tatu alikwenda kwa miguu, akasubiri kwenye benchi kutwa nzima, akaambiwa mhusika yuko semina. Semina yenyewe ilihusu afya ya mama na mtoto.

Aliporudi, Bwana Kasiani akamweleza ukweli wote, na tunamshukuru kwa hilo.

"Sikiliza, Makoye. Kauli ya mgeni rasmi haitenguliwi na mtendaji. Haitenguliwi na mwalimu wala na wilaya. Inatenguliwa na mgeni rasmi mwenyewe. Sasa subiri aje."

Ndiyo maana tumekusubiri mwaka mzima na siku moja. Hakuna mtu bondeni humu aliyekusubiri kwa hamu kama Makoye.

Hatumlaumu yeyote. Tulioilaza sola juu ya shule ni sisi. Aliyeifungua ni mwenzetu, na hilo analijua kuliko yeyote hapa, halimtoki akilini hata akiwa nyuma ya plau. Lakini sisi tuliazima. Neno la kuifanya isirudi halikutoka kwetu.

OMBI

Mwaka huu hatuombi madawati, ingawa darasa la pili wanakaa chini. Hatuombi walimu, ingawa wako watatu. Wala hatuombi kompyuta zirudi ulikozitoa, watoto wanazipenda na sisi tunapenda wakizipenda.

Tazama kule nyuma, karibu na mlingoti wa bendera. Yule aliyesimama anaitwa Teresia, mdogo wake marehemu. Mgongoni kambeba Goodness, mtoto wa Nyanzobe, anayetimiza mwaka mmoja keshokutwa. Mbele kabeba wa kwake. Dada Aida amemwandikia kujifungua mwisho wa mwezi huu. Kwenye daftari lake wako wengine sita nyuma ya Teresia.

Tunaomba kauli yako ya mwaka jana uifute kwa kauli nyingine. Haihitaji bajeti. Kipaza sauti kiko mbele yako na kimewashwa kwa sola hiyo hiyo.

Tunakutakia safari njema hadi Tunduma, madaraja yote uyakute mahali pake. Mungu akupe umri, na nyumbani kwako mama wa watoto asikose kitu saa ya kuhitaji. Ni sisi, wazazi wa Isunda, wenyeji wako wenye kochi la kuazima.

Tumekosea jambo moja, hatukumtambulisha msomaji. Tulimchagua kwa sababu ana sauti ya kuitia ng'ombe, na kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka. Anayekusomea ni Makoye. Spana iko mfukoni mwa shati lake, ngazi imeegeshwa nyuma ya darasa la tano tangu alfajiri, na Rubeni mgambo anakutazama wewe.

Mgeni rasmi, apande?