Bi Usimsaidie Anastaafu kwa Mara ya Tatu

Ijumaa ya tarehe 30 Agosti, saa kumi kamili jioni, Mkuu wa Utafiti wa Watumiaji atastaafu baada ya kuitumikia ofisi hii kwa miaka thelathini na mitatu. Miaka miwili kati ya hiyo ilitokea kwa makosa. Hii ni mara ya tatu kwa jarida letu kutangaza kustaafu kwake, na safari hii tumesubiri uthibitisho kabla ya kupeleka kurasa kiwandani kuchapwa.

Wengi mnamfahamu kwa jina la Bi Usimsaidie. Kwa wageni: ofisi yetu hutengeneza zile skrini ambazo wananchi huzikuta mapokezini, za kuchukulia namba ya foleni, kulipia leseni au kuomba cheti. Kazi yake ilikuwa kumkalisha mtu wa kawaida mbele ya mashine ambayo haijatoka bado, kumwomba aseme kwa sauti kila anachofikiri, kisha kutazama anapotea wapi. Walioitengeneza mashine hukaa kwenye chumba cha nyuma ya kioo, midomo imefungwa. Juu ya mlango wa chumba hicho kuna neno moja kwa rangi nyekundu: USIMSAIDIE. "Ukimsaidia leo," aliwaambia waajiriwa wapya, "utamfuata na kwao?"

Hajawahi kuivunja kanuni hiyo, hata nyumbani. Mumewe, mwalimu mstaafu, anasimulia kwamba alizunguka nyumba kwa dakika ishirini akitafuta miwani iliyokuwa kwenye paji la uso wake, huku mkewe akimfuata na daftari. Alipoigusa mwenyewe aliulizwa, kwa upole kabisa, alitarajia kuikuta wapi.

Alianza enzi za fomu za karatasi. Fomu yake ya kwanza ilikuwa na kisanduku kilichoandikwa "Usiandike hapa", na ndicho pekee kilichojazwa na watu wote. Zilipokuja skrini, alikuwa wa kwanza kuripoti kwamba maneno "Bonyeza popote kuanza" yana hatari. Mchukuzi mmoja aliyaamini. Alibonyeza ukuta, akabonyeza meza, mwishowe akabonyeza bega la mlinzi. Mlinzi akageuka na kumuuliza, "Nikusaidie nini, kaka?" Ripoti ya siku hiyo ina sentensi moja: "Mlinzi amefanya kazi vizuri kuliko skrini."

Lakini kazi iliyomjengea jina ni ya Mzee Subiri. Jumanne moja mashine ya leseni ilikwama ikiwa imeandika "Tafadhali subiri". Alhamisi, Bi Usimsaidie alifika kukagua akamkuta mzee amekaa mbele ya mashine hiyo na mto wake wa kukalia. Kila jioni alikwenda kulala na kila asubuhi alirudi kusubiri. Alipoulizwa kulikoni, alishangaa swali lenyewe. "Imeniambia tafadhali, mwanangu. Mtu akikwambia tafadhali, utaondokaje?"

Bi Usimsaidie hakumwambia kwamba mashine imekufa. Alivuta kiti, akakaa naye hadi saa sita mchana, akaandika kurasa kumi na nne. Kutokana na kurasa hizo, mashine zetu mia nne na kumi na mbili husema hivi zinapokwama: "Nimekwama. Nenda dirisha la pili." Mfumo mmoja tu haukubadilishwa, nao ni wa Utumishi wetu wenyewe, kwa sababu haukuwa na mteja wa kulalamika.

Mfumo huo ndio uliomng'ang'ania.

Kila mwaka, kwa wiki moja, mfumo wa Utumishi humuuliza mfanyakazi aliyefikia umri: "Hutaki kuendelea na kazi?" Chini kuna vitufe viwili, Ndiyo na Hapana. Miaka kumi na mmoja iliyopita Bi Usimsaidie aliandika kwamba swali hilo ni shimo. Mtu wetu akiulizwa "Hutaki?" naye hataki, atajibu "Ndiyo", yaani ndiyo, sitaki. Mfumo ulikuwa ukisoma "Ndiyo" kama mtu anayetaka kuendelea. Alipendekeza vitufe vingine viwili: "Nastaafu" na "Nabaki". Ripoti ilipokelewa kwa shukrani na kuwekwa chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba.

Umri wake ulipofika, mumewe alinunua viti viwili vya barazani. Kimoja alikikalia siku hiyohiyo. Cha pili kilibaki ndani ya nailoni kikimsubiri mkewe.

Bi Usimsaidie, kwa kuwa alilijua lile shimo, alibonyeza "Hapana". Asichokijua ni kwamba wiki iliyotangulia Fundi wa Mfumo, kijana aliyefunzwa na yeye mwenyewe, alikuwa amelifukia shimo hilo kimyakimya kama zawadi ya kumuaga. Sasa "Hapana" ilimaanisha hapana, bado nataka. Tulikuwa tumeshamwimbia na kumpa saa ya ukutani. Jumatatu akapata barua ya kumpongeza kwa moyo wake wa kujitolea mwaka mwingine.

Alikwenda kwa Mkurugenzi na barua mkononi. Mkurugenzi aliisoma mara mbili, akaikunja vizuri na kumrudishia. "Bi mkubwa, mimi ni mkurugenzi tu. Mfumo ndio umeshasema."

Mwaka uliofuata alibonyeza "Ndiyo". Fundi wa Mfumo naye, kwa aibu ya yaliyopita na kwa kuamini kwamba mwalimu wake angebonyeza tena "Hapana", alikuwa amerudisha kila kitu kama zamani. Barua ya pili ilikuwa na pongezi nyingi zaidi. Akapewa saa ya pili ya ukutani, ambayo haiafikiani na ya kwanza kwa dakika nne. Mumewe alipiga simu mapokezini, akamwagiza mpokezi: "Mwambie kile kiti kinanisuta. Wajukuu wanauliza nani kafa."

Mwaka huu alikataa kugusa kitufe chochote kabla ya jaribio rasmi, na mtu wa kujaribiwa awe yeye. Hivyo, Jumanne ya tarehe 13, alikaa kwenye kile kiti alichowakalisha wengine kwa miaka yote hiyo. Nyuma ya kioo tulikuwa Mkurugenzi, Fundi wa Mfumo, mwandishi wa makala hii na Mzee Subiri, aliyealikwa kwa heshima na akaja na mto wake.

Skrini ilipowaka, swali la zamani halikuwepo. Kulikuwa na vitufe viwili: "Nastaafu" na "Nabaki". Fundi alikuwa ameitoa ripoti chini ya meza na kuifuata neno kwa neno.

Bi Usimsaidie aliitazama kazi yake mwenyewe kama mtu anayetazama nyoka. "Ninafikiri hapa kuna mtego," alisema kwa sauti, kama kanuni inavyotaka. "Ninafikiri 'Nastaafu' inanipeleka kubaki. Ninafikiri yule kijana amenionea huruma tena." Fundi wa Mfumo aliuma mkono wa shati lake. Mkurugenzi alitaka kugonga kioo, akaona lile neno jekundu, akarudisha mkono mfukoni. Dakika arobaini zikapita. Hatimaye Bi Usimsaidie akafumba macho na kubonyeza "Nastaafu".

Skrini ikajibu: "Asante. Tafadhali subiri."

Neno hilo halikuwemo kwenye ripoti ya vitufe, kwa hiyo Fundi hakuligusa. Bi Usimsaidie akafungua daftari, akaweka mikono magotini, akasubiri. Robo saa. Nusu saa. Ndipo Mzee Subiri, ambaye si mwajiriwa wetu na hafungwi na kanuni zetu, alipoukunja mto wake na kugonga kioo kwa fimbo.

"We mwanangu! Ondoka! Hiyo haina kitu, mimi naijua!"

Bi Usimsaidie aligeuka. Akaandika mstari mmoja, akaufunga mkoba, akatoka bila kuangalia nyuma. Daftari tumeliona. Mstari unasema: "Mtazamaji amesaidia. Jaribio limeharibika. Naondoka."

Afisa Utumishi amethibitisha kwa maandishi kwamba kumbukumbu zinasomeka "Amestaafu". Siku zilizobaki ni za likizo yake. Skrini ile iliendelea kuomba tafadhali hadi Alhamisi, tukaichomoa. Mumewe naye amepiga simu kutoa taarifa. Mkewe alihangaika na ile nailoni ya kiti kwa dakika kumi na moja, akitafuta inafungukia wapi, naye alisimama pembeni na kalamu, akimtazama. Hakumsaidia. Kisha, anasema, mkewe amekaa.

Bi Usimsaidie, asante kwa kila mtu uliyemwacha apotee mbele yetu ili wengine wasipotee. Fundi anaomba radhi kwa miaka miwili, na saa ya tatu ya ukutani hatutakupa. Kaa kitako, baraza ni lako, na maisha yakawe mema kwako na kwa mwalimu. Usiandike chochote.