Martina Alivuka Mpaka wa Nyumba Yetu

Bwana asifiwe, vijana wa Karatu! Hapana, hiyo si sauti ya watu waliokunywa chai ya kanisa. Bwana asifiwe! Haya, sasa nimesikia. Nanyi mliotoka Wasso, mliotikiswa na basi kutwa nzima, karibuni sana, vumbi lenu tumeliona.

Mimi ni Paskalina wa Qurus. Nimeombwa niwatie moyo, lakini kuhubiri sijui. Nitasema jinsi Mungu alivyomtoa mama yangu kifoni kwa mikono ya vijana kama ninyi, basi.

Ndugu zangu, nilikuwa msichana, nimemaliza darasa la saba, naimba sauti ya kwanza katika kwaya ya vijana. Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari, ukipiga chafya jirani anakuombea afya. Masika ile mdogo wetu wa mwisho, aliyekuwa bado ananyonya, aliugua asubuhi, akafa kabla jua halijazama.

Kwetu Wairaqw wakati ule, mama aliyefiwa na mtoto wa kunyonya aliingia metimani. Wafugaji mliotoka Ngorongoro labda hamjui, nitaeleza. Nyumba nzima inatengwa. Huchoti maji kwenye chemchemi ya wote, ng'ombe wako hawachungwi na wa wenzako, hakuna anayeingia kwako wala wewe huingii kwa mtu, miezi na miezi. Watu waliamini kwamba kifo kile kinaambukiza, na kwamba kinatafuta hasa watoto wachanga na mimba. Msidhani wazee wetu walikuwa wakatili. Waliogopa! Na baba yangu aliogopa kuliko wote, maana hakutaka watoto wa watu wafe kwa sababu yake.

Sasa sikilizeni. Aayo, ndivyo tunavyomwita mama, alikuwa na maziwa na hakuna wa kuyanyonya. Titi la kushoto likavimba, likawa jekundu, gumu kama jiwe. Homa ikampanda. Tulimkanda kwa maji ya moto, wapi! Akaanza kuweweseka, anamwita marehemu aje anyonye. Nilimsihi baba tumpeleke hospitali ya misheni. Baba akasema, "Tutapita wapi, Paskalina? Kila njia ina nyumba za watu." Na Aayo mwenyewe, akipata fahamu kidogo, alisema, "Niacheni. Nisije nikaua mtoto wa mtu."

Nilimkasirikia Mungu, ndugu zangu, sifichi. Jumapili nilisikia kwaya yetu ikiimba ng'ambo ya korongo, na pengo langu halikusikika hata kidogo! Mwinjilisti wetu alikuwa safarini Ngorongoro kuwatembelea waumini wa huko, hivyo hata wa kumwendea hakuwepo. Ibada ilipokwisha nilikwenda mwisho wa shamba letu, pale wazee walipotuonyesha tusipite, nikawapigia kelele vijana waliokuwa wanarudi makwao: "Aayo anakufa! Njooni tumbebe!"

Walisimama mbali. Wakatazamana. Aliyejibu ni Martina. Huyu alikuwa kiongozi wa kwaya, ameolewa karibuni, na tumbo lake lilikuwa limeshaonekana. Akauliza Aayo anaumwa nini, nikamweleza titi lilivyo. Kisha wakaondoka wote. Nililia pale kwenye mahindi hadi sauti ikanikauka. Nilijua yamekwisha.

Kesho yake asubuhi, mvua inanyunya, nikawaona wanakuja! Wamebeba miti miwili na mablanketi ya kutengenezea machela. Lakini wazee nao waliwaona. Wakasimama njiani, fimbo mkononi, na mbele yao Mzee Gwandu, baba mkwe wa Martina. Vijana wakasita. Wengine wakaanza kurudi nyuma kidogo kidogo, kama mbuzi walionusa fisi.

Mzee Gwandu hakufoka. Sauti yake ilikuwa inatetemeka. "Martina, hilo tumbo si lako peke yako. Ni la ukoo. Mama mkwe wako amezika watoto wangapi katika nyumba yangu? Unataka azike tena?"

"Najua, baba," Martina akasema. "Hata mimi naogopa. Lakini yule mama akifa, Jumapili nitaimba nini?"

Akapita kando yake, akavuka mpaka. Nani angethubutu kumvuta mjamzito? Boay, mumewe, akamtazama baba yake, akamtazama mkewe, akaokota miti ya machela akamfuata. Wengine wachache wakaja nyuma yake. Waliobaki walirudi nyumbani, na siwalaumu.

Aayo alipomwona Martina mlangoni alijivuta hadi ukutani akipiga kelele: "Usinishike! Una mimba wewe!" Martina akapiga magoti, akamshika uso kwa mikono miwili. Aliomba kwa kifupi tu: "Yesu, wewe ulimgusa mwenye ukoma. Tusaidie." Baba yangu alikuwa amesimama kando, machozi yanamtoka. Akajifuta, akainama, akashika machela upande wa kichwa.

Udongo wetu mnaujua ukilowa. Tuliteleza, tukaanguka, tukainuka. Kwenye kila nyumba tuliyopita milango ilifungwa na kina mama waliwaficha watoto. Aayo aliguna, kisha akanyamaza kabisa, nami nikawa naweka kiganja puani pake kuona kama bado anapumua. Hospitali walimpasua siku ile ile, usaha ukajaa bakuli. Daktari akatuambia, "Mngengoja mpaka kesho mngeleta maiti." Mungu wetu ni mwema, jamani! Aayo akapona.

Lakini msipige vigelegele kwanza. Waliombeba Aayo nao wakatengwa. Kwaya ile ya watu wachache ikahamia uani kwetu. Tulipalilia pamoja, tukaimba pamoja, tukanywa maji ya korongo. Na kijiji kizima kikawa kinalitazama tumbo la Martina. Akikohoa, nashtuka. Akichelewa kuja, Aayo anaacha chakula. Aliniambia, "Mtoto yule akifa, heri mngeniacha nife mimi." Nami nilikuwa nawaza hivyo hivyo.

Uchungu ulimshika Martina wakati wa kuvuna maharage. Ilianza alfajiri, ikafika adhuhuri, ikafika alasiri, bado. Wazee wamekaa nje. Aayo alikataa kukaribia nyumba ya Martina, akakaa nyuma ya zizi, amejifunika shuka mpaka kichwani. Mimi nilisimama katikati sijui niende wapi. Hata maombi yalinipotea, nikabaki na neno moja: Bwana, Bwana, Bwana. Mara tukasikia mtoto! Analia kwa hasira kama mtu aliyeporwa shamba!

Martina akasema, "Mwiteni mama yake Paskalina." Aayo akaja anatikisa kichwa, mikono ameificha ndani ya shuka. Martina akamlaza mtoto mapajani pake, akamwachia. Ndipo mikono ya Aayo ikatoka. Ilibidi itoke, mtoto angeanguka! Mzee Gwandu alikuwa mlangoni. Alimtazama mjukuu wake kwa muda mrefu, mikononi mwa yule yule aliyemwogopa. Kisha akamwambia mkewe, "Mletee mama huyu maziwa. Tangu masika hajanywa katika nyumba ya mtu."

Aayo alikunywa huku analia, na sisi sote tulilia. Kuanzia siku ile maji ya chemchemi tukachota wote.

Namshukuru Yesu! Vijana wangu, mnaniuliza huduma ya vijana ni nini. Kuna nyumba mnazozikwepa huko mtokako: ya mlevi, ya binti aliyefukuzwa shule kwa mimba, ya mgonjwa asiyetajwa ugonjwa wake. Mnaogopa. Mwambieni Mungu kwamba mnaogopa, halafu nendeni hivyo hivyo mnatetemeka. Na wewe uliye ndani ya nyumba hiyo, unayedhani umesahauliwa, mwamini Yesu, na mtu wa kwanza atakayekuja usimfukuze.

Aayo yuko hai, anawasalimu sana. Mkipita Qurus, ingieni.