Chuma cha Nne

Ndugu wafiwa, majirani, mafundi wa karakana, na ninyi wa mashindano mliosimama kule nyuma karibu na ukuta ingawa viti vipo, poleni na msiba, na asanteni kwa kutufikia. Mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa mama yetu aliyeketi hapa mbele, na familia imenipa kazi ya kusoma historia hii kwa sababu, wanasema, mimi ndiye mwenye sauti isiyotetemeka. Tutaona.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto watatu wa baba yetu, aliyekuwa mpima mizigo hapo stesheni, na mama yetu, aliyekuwa akiuza vitambaa. Wa pili alikuwa kaka yangu mwingine, aliyezaliwa mwaka 1966, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Filimbi, naye nitamtaja mara nyingi leo, maana historia ya huyu haisomeki bila ya yule. Katika nyumba ile mama alituwekea sheria moja ya mezani, kwamba anayekata mkate huchagua mwisho, na kwa kuwa mkubwa ndiye aliyeshika kisu, yeye alijifunza mapema kukata vipande visivyopishana hata kwa chembe, akavipima kwa uzi, akatuacha sisi tuchague, kisha akala kilichobaki bila kununa. Filimbi alikuwa akichukua cha pembeni chenye ganda nono, akacheka.

Alianza shule ya msingi Januari 1968, akaendelea na sekondari mpaka mwaka 1979, akaingia chuo cha ufundi ambako alisomea utengenezaji wa mizani, na tarehe 1 Julai 1982 aliajiriwa katika karakana iliyoko nyuma ya soko kuu, chumba kirefu chenye madirisha ya vioo vya waya, harufu ya mafuta ya cherehani na rafu zilizojaa mawe ya kupimia, ambako alifanya kazi kwa miaka thelathini na tisa bila kuhama. Mizani za maduka, za maghala, za kliniki za watoto wachanga, zote zilipita mikononi mwake, na ndiyo maana hata wajomba zake walisahau jina alilopewa wakamwita Mizani. Alimwoa wifi yangu, mwalimu wa chekechea, tarehe 10 Desemba 1988, wakajaliwa watoto watatu, mabinti wawili na mvulana mmoja, ambao wote wako hapa, na wifi yangu alikuwa akisema kwamba siku ya harusi bwana harusi alitazama keki kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama bibi harusi, kwa kuwa ilikuwa imeegemea upande.

Sasa nakuja kwenye mashindano, na wale wazee mnaoona si mahali pake mnivumilie. Mwaka 1994 kamati ya mashindano ya magari, yale ya kukimbia mawili mawili kwenye barabara iliyonyooka ya kiwanja cha ndege kisichotumika tena, ilimwomba awe mkaguzi wake wa mizani, kwa sababu kila gari lilipaswa kupimwa kabla ya kukimbia na baada ya kukimbia, dereva akiwa ndani, ili washindani wa daraja moja wawe wamelingana. Kwa miaka michache kazi ilikuwa rahisi, kisha zikaja injini za tabo, yaani zile ambazo moshi wake wenyewe huzungusha kifaa kinachozisukumia hewa zaidi, zikiwa ndogo kwa umbo na kali kwa mwendo, na magari yenye injini kubwa za kizamani yakaanza kuachwa nyuma mpaka wenyewe wakasusa. Kamati ikamkabidhi marehemu kazi ya kusawazisha. Akapima, akajaribu, akatoa kanuni kwamba gari la tabo libebe vyuma, kila kimoja cha kilo ishirini, vikifungwa kwa bolti kwenye fremu nyuma ya kiti cha dereva. Wa tabo wakasema wameonewa, wakafunga tabo kubwa zaidi; wa injini kubwa wakasema vyuma havitoshi, wakataka viongezwe; na kila Jumatatu palikuwa na mtu mlangoni kwake mwenye hasira, akishaondoka huyo anaingia wa upande wa pili. Marehemu aliwapa wote chai, na kanuni akaibakiza kuwa vyuma vitatu, kwa sababu hesabu ya majaribio ilitoka hivyo, na vitatu vilitosha.

Filimbi alikuwa dereva wa tabo. Jina lake lilitokana na gari lenyewe, ambalo lilipopata mwendo lilitoa mlio mwembamba uliopanda taratibu, sisi tuliokuwa kwenye uzio tukaujua kabla ya kuliona gari. Alianza kushinda, akashinda tena, na maneno yakaanza, kwamba ataacha kushinda vipi na anayempimia ni kaka yake, wametoka ziwa moja. Marehemu alikuwa mtu ambaye mdomo wa jirani ulimuuma kuliko jino, nami namfahamu, na msimu wa mwaka 2001 ulipoanza alitangaza kwamba gari la mdogo wake, kwa kuwa tabo yake ni mpya, litabeba vyuma vinne.

Hesabu haikusema vinne. Jambo hili alilieleza mwenyewe baadaye mbele ya kamati nzima, bila kuulizwa, kwamba vitatu vilikuwa vya gari na cha nne kilikuwa cha midomo ya watu. Mimi nimelifikiria miaka yote hii, na naona hivi: yeye ndiye aliyekuwa ameshika kisu, na anayekata huchagua mwisho, naye alimhesabu mdogo wake kama nafsi yake, akampa kipande ambacho angejipa mwenyewe. Filimbi angeweza kukataa, akakata rufaa, na angeshinda rufaa hiyo, lakini alipokuja nyumbani kwa mama Jumapili ile alikuwa akicheka kama kawaida, akasema, "Kaka akiniongezea mzigo, ujue ameshaona nitashinda."

Fremu ilikuwa imetengenezwa kwa vyuma vitatu. Cha nne kikafungwa juu ya vile vingine kwa bolti ndefu zaidi, marehemu akazikaza kwa mkono wake, akazijaribu, akagonga mhuri. Jumapili tarehe 19 Agosti 2001, alasiri, mbele ya watu wengi ambao baadhi yao ni ninyi, Filimbi alishindana na gari la injini kubwa, akalishinda kwa upana wa kiganja, akavuka mstari, akakanyaga breki, na bolti za chuma cha nne zikakatika, nacho kikamfikia kisogoni. Vile vitatu havikutikisika. Daktari alisema hakuhisi kitu, na sisi tumeamua kumwamini daktari.

Kanuni ilikuwa kwamba kila gari linalovuka mstari lipimwe. Hakuna mtu aliyetarajia kanuni hiyo ifuatwe siku ile, lakini marehemu alilisukuma gari lile mpaka kwenye mizani, akasimama akisoma, akatamka uzito kwa sauti, akasema gari ni halali, na mshindi ni mdogo wake. Akavua beji yake akaiweka juu ya mizani. Hakukanyaga tena kiwanja kile mpaka anakufa.

Siku ya maziko ya Filimbi, mama, aliyekuwa hajalia mpaka saa ile, alimgeukia marehemu mbele ya kaburi, akamwambia, "Aliyempimia ni wewe." Basi. Maneno matatu. Hakuyarudia, wala hakuyafuta. Baba alikuwa ametangulia, kwa hiyo mama alihamia nyumbani kwa marehemu mwaka uliofuata, akaishi naye miaka yote, wakaongea habari za chumvi, za bomba, za wajukuu, za bei ya mkaa, wakacheka pia, msidhani ilikuwa nyumba ya kununiana. Lakini kila jioni marehemu alikaa karibu na kiti cha mama akiisha kula, mikono magotini, akingoja neno la pili. Sisi sote tulijua anangoja nini. Mama naye, nadhani, alijua.

Nyumba ile ilikuwa na mambo yake, na leo nitayasema kwa kuwa tumezunguka nayo vya kutosha. Birika lilikuwa halipigi mlio. Wifi yangu alisimama jikoni kila alfajiri akiliangalia, akaliepua kabla mvuke haujapata sauti, kwa sababu siku za mwanzo lilipolia marehemu alitoka chumbani akiwa mweupe midomo, akauliza nani amemruhusu kukimbia. Watoto wake walikua bila kujua kwamba birika huimba. Na nyuma ya mlango wa chumba cha kulala kilikaa chuma cha nne, alichokiomba kwa kamati akapewa, akakifuta vumbi kila Jumapili, na wifi yangu, ambaye amejigonga vidole kwacho mara zisizo na idadi, alizoea kututania kwamba yeye ameolewa uke wenza, na bi mkubwa ni wa chuma.

Karakanani nako hali haikuwa nzuri. Marehemu alisema mizani ya sakafuni, ile kubwa ya magunia, ilikuwa ikisoma kilo ishirini pasipokuwa na kitu juu yake. Aliifungua, akaisafisha, akaifunga, mshale ukakaa kwenye sifuri wiki nzima, kisha ukapanda tena. Fundi mwenzake, huyu mwenye kofia ya kijivu, amenipa ruhusa niseme kwamba aliwahi kuuona mshale huo ukipanda mchana kweupe, akajiambia ni upepo, halafu akakumbuka kwamba madirisha yale hayafunguki. Hakumwambia marehemu. Alihofia kwamba akithibitisha, mwenzake hatapona. Nami simlaumu, ingawa huenda ingekuwa faraja kwake kujua kwamba si yeye peke yake anayeona. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wote tulimwambia asahau, na hakuna hata mmoja wetu aliyekinyanyua kile chuma kuona uzito wake.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2021. Mwezi Februari 2023 miguu ilianza kuvimba, akakosa pumzi akipanda ngazi, na hospitali ikagundua kwamba moyo umetanuka. Alilazwa mara mbili, akakonda sana, na alipopandishwa kwenye mizani ya wodi alimwomba muuguzi kwa adabu amshushe kwanza, airekebishe, ndipo apande tena, muuguzi akakubali, na ilipokwisha kurekebishwa ikaonyesha kwamba amekonda zaidi ya walivyodhani. Alicheka siku hiyo. Alifariki nyumbani, kama alivyotaka, Alhamisi ya juzi, tarehe 12 Oktoba 2023, asubuhi, wifi yangu akiwa amemshika mkono. Wosia wake ulikuwa mmoja, alioutoa kwa wifi yangu, kwamba azikwe kando ya Filimbi, na chuma cha nne kiwekwe miguuni pake ndani ya jeneza, walingane.

Wifi yangu alitekeleza. Leo asubuhi wabebaji walipolishusha jeneza pale sebuleni kitu kiligonga ndani, mama akauliza ni nini, akaambiwa. Kisha akasema, "Kitoeni. Mwanangu hakuua mtu."

Mama, nakuheshimu, na nitakutunza mpaka mwisho, lakini nimekasirika, na nikificha nitakuwa nadanganya mbele ya jeneza. Neno hilo lilikuwa lake. Alilingoja miaka ishirini na miwili karibu na kiti chako, na wewe umelitoa siku ambayo hana masikio ya kulisikia. Najua pia kwamba ulimzika mmoja na hukuwa na nguvu ya kumsamehe mwingine, na kwamba hakuna aliyekupimia wewe. Sisemi zaidi.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi wa wodi ya moyo, mafundi wa karakana waliofunga kazi siku tatu, kamati ya mashindano iliyotuma watu ingawa haikutumiwa mwaliko, walimu wenzake wifi yangu, na majirani wote kwa viti, vyombo na usingizi wenu. Namshukuru kipekee jirani wa mkono wa kushoto, aliyetuletea birika lake kubwa bila kujua desturi ya nyumba hii. Leo asubuhi, mama alipokwisha kusema neno lake, birika lile lilipiga mlio, mwembamba, ukipanda taratibu, nyumba nzima ikasimama, na wifi yangu hakukimbia kuliepua. Tuliusikiliza mpaka maji yakaisha.

Chuma cha nne hakimo katika jeneza. Kiko chini ya kiti cha mama, amekikanyagia miguu yote miwili, amekataa mtu yeyote asikiguse, na anasema kuanzia leo kitakaa chumbani kwake. Wabebaji, mkinyanyua mtaona jeneza ni jepesi. Msishangae, huo ndio uzito wake halali, bila nyongeza.

Kaka, umekata, sisi tumeshachagua. Pumzika kwa amani.