Mama Tanbihi, Mwalimu wa Wahubiri

Ndugu, jamaa na marafiki, anayesimama mbele yenu kuwasomea historia hii kwa niaba ya familia ni mtoto wa kwanza wa marehemu, na kazi aliyopewa ni kueleza kwa ufupi safari ya mama yake, ingawa ufupi wenyewe ni mgumu, kwa sababu mama huyu aliishi miaka sabini na miwili na hakuupoteza hata mmoja.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya sita, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba yake seremala, mama yake akiwa mshonaji, na inasemekana alijifunza kusoma kwa magazeti ya zamani yaliyofungiwa misumari, akiwakera wateja kwa kuwauliza mwisho wa habari iliyochanwa katikati.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1965, akaendelea na sekondari ya wasichana hadi Novemba 1969, na kwa kuwa wadogo zake watatu walikuwa wakisubiri zamu yao, alijiunga na chuo cha uhazili, akahitimu Desemba 1971 akiwa wa kwanza darasani.

Tarehe 3 Januari 1972 aliajiriwa na chuo cha theolojia kuwa mpiga chapa wa tasnifu za wachungaji waliokuwa wakisoma shahada ya uzamili, lakini vidole vilipokuwa vikipiga, kichwa hakikulala, na kila alipokuta hoja isiyo na miguu alibandika kikaratasi chenye swali, mpaka wasimamizi wakaanza kuulizana ni nani huyu anayesahihisha kabla yao. Mwaka 1988 mkuu wa chuo alimtoa chumba cha chapa, akampa chumba kidogo kando ya maktaba, mlangoni pakaandikwa Msaada wa Uandishi, naye akasoma masomo ya jioni na kupata shahada yake tarehe 26 Novemba 1994, akiwa na miaka arobaini na mitatu, na watoto wake wakishangilia kuliko wazazi wote ukumbini.

Katika chumba kile aliwapokea wanafunzi 318 mpaka alipostaafu tarehe 31 Machi 2016, wawili kati yao leo ni maaskofu, na hakumwandikia mtu hata sentensi moja, bali alimkalisha, akamwuliza anataka kusema nini, na yule akishajieleza vizuri kwa mdomo, humwambia aandike hicho hicho alichokisema. Kusimama alikataza kabisa, kwa maoni yake mhubiri akisimama huhubiri, akikaa hueleza, na alikuwa na haki ya kusema hivyo, maana aliwahi kupokea sura nzima iliyoishia kwa Amina, na tasnifu nyingine ambayo chini ya ukurasa, mahali pa kutaja kitabu, mwandishi alitaja Roho Mtakatifu, Jumapili asubuhi. Marehemu alimjibu kwa penseli kwamba yeye hana shaka na chanzo hicho, ila mtahini atauliza ukurasa. Ndiyo maana wanafunzi walimwita Mama Tanbihi, kwa yale maelezo madogo ya chini yanayosema jambo umelitoa wapi, na jina hilo alilipenda, ingawa alijifanya halijui.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 8 Novemba 1975 na mchungaji kijana ambaye tasnifu yake aliirudisha mara nne, na Mungu akawajalia watoto watatu, wa kiume mwaka 1977 na wa kike wawili, 1980 na 1984. Kila Ijumaa jioni alimpigia mumewe chapa mahubiri ya Jumapili, akayapanga katika mafaili ishirini na sita, moja kwa kila mwaka, hadi mwenzake alipotangulia mbele ya haki tarehe 2 Juni 2001.

Mtoto wake wa kwanza aliingia chuo kile kile mwaka 2004, akaandika tasnifu juu ya msamaha, na Aprili 2006, wiki mbili kabla ya mahafali, nakala ilipofika mezani kwa marehemu kwa ukaguzi wa mwisho, alikuta humo kurasa kumi na nne za maneno ya mume wake, bila jina la mume wake. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angeyatambua, mafaili yalikuwa kabatini nyumbani, jamaa walikwisha kualikwa na suti ilikwisha kushonwa, na wahubiri, kama mjuavyo, huazimana mahubiri kama majirani wanavyoazimana chumvi. Alimwita mwanawe sebuleni, akaweka faili na tasnifu ubavu kwa ubavu, na mwana alipojitetea kwamba maneno ya baba ni urithi wake, marehemu alisema kwamba urithi ni halali, lakini aliyekuachia lazima umtaje, na kwamba ifikapo Jumatatu ama ataiondoa tasnifu mwenyewe, ama mama yake ataipeleka kwa mkuu wa chuo, na hata kazi yake yeye mama ikipotea kwa aibu hiyo, basi na ipotee.

Mwana aliiondoa, lakini kwa hasira, na kwa miezi saba hakukanyaga nyumba ya mama yake. Marehemu aliwapigia jamaa simu mmoja mmoja kuwaambia mahafali yameahirishwa, bila kusema kwa nini, akabeba lawama za mashangazi waliodhani anambania mtoto wake, na usiku alilia, hilo dada zake msomaji walilisikia. Kisha akafunga mafaili yote ishirini na sita, akamtumia mwanawe, pamoja na kikaratasi kilichosema amsome baba yake, halafu abishane naye. Tarehe 10 Desemba mwana alirudi na sura mpya, iliyomtaja baba yake mara thelathini na kumpinga mara tatu, marehemu akaisoma yote akiwa ameketi, akatia alama makosa kumi na moja, akamkumbatia, na mwaka uliofuata ikawa zamu yake kushangilia ukumbini.

Alianza kusumbuliwa na moyo Agosti 2021, akalazwa tarehe 9 Mei 2023 katika wadi ya pili ya hospitali kuu, na huko aliomba aletewe historia hii aipitie, akakata sifa nyingi, na penye maneno mama bora duniani akauliza utafiti huo ulifanyika wapi. Alitutoka Jumatano tarehe 7 Juni, saa nne asubuhi, binti zake wakiwa wamemshika mikono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wadi ya pili, ambao aliwasahihishia barua zao nao wakavumilia, majirani waliopika na kufagia bila kuombwa, na wafanyakazi wenzake wa chuo, waliofunga maktaba leo kwa mara ya kwanza siku ya kazi.

Habari ya mwaka 2006 mliyoisikia, marehemu aliikata kwa mstari kutoka juu hadi chini, akaandika pembeni kwamba hiyo ni ya nyumbani. Kila sahihisho lake limefuatwa, isipokuwa hilo, kwa sababu msomaji leo ni mwalimu katika chuo kile, watu humsifu kwa uaminifu wake, na uaminifu huo hakuzaliwa nao, alipewa, na aliyempa ndiye huyu.

Mama, umetajwa. Pumzika kwa amani.