Historia ya Dada Yetu na Godoro Alilolipima kwa Goti

Mchungaji, wazee wetu, majirani na wafiwa wenzangu, nasimama mbele yenu kwa niaba ya familia, mimi mdogo wake marehemu, yeye ndiye aliyeniachia ziwa, na kwa kuwa kalamu si kazi yangu, nikikwama mnivumilie, maana humu nimeandika na jambo ambalo ningependa lisisomwe, ila nilimwahidi.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa tatu na binti wa pekee wa baba yetu, aliyekuwa mpaka rangi wa nyumba, na mama yetu mshonaji, akabatizwa mwaka huohuo. Alianza darasa la kwanza Januari 1964, akamaliza la saba mwaka 1970, miaka yote hiyo akienda pekupeku, na aliapa kwamba akishika hela yake mwenyewe mguu wake hautaonewa tena.

Tarehe 2 Juni 1975 aliajiriwa dobi wa hospitali, katika chumba cha kufulia nyuma ya wodi ya wanaume, akakaa humo miaka thelathini na sita, na kwa kuyatazama mashuka tu alijua mgonjwa yupi kalala vizuri na yupi godoro limemla mgongo. Hapo ndipo alipopata msimamo wake kwamba kinachogusa mwili usikibanie hela, yaani viatu, miwani, godoro na, mnisamehe wazee, nguo za ndani, vingine vyote vingoje, ndiyo maana sebuleni kwake mlikalia vigoda mpaka mwaka jana, na mtaani mkamwita Bibi Ghali, naye akaitika bila kununa.

Alifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1979 na shemeji yetu seremala, aliyetutoka mwaka 2014, wakajaliwa watoto watatu na wajukuu watano, wote wapo hapa.

Alistaafu Juni 2011, akachukua sehemu ya kiinua mgongo akaenda duka la magodoro, mimi nikiwa mbebaji, na kila godoro akalikandamiza kwa goti, akaliachia, akatazama linavyoinuka, mpaka mwenye duka akamuuliza, "Mama, unanunua godoro au unalipima presha?", naye akajibu, "Napima, mwanangu, hilo la mwisho limezimia." Watu wakacheka, mimi nikanuna, kwa kuwa bei ya alilochagua ingenunua matatu kama langu, nikamwambia waziwazi kuwa ana majivuno, na kwa neno hilo namwomba Mungu anisamehe.

Tarehe 5 Februari mwaka huu, 2023, alipata kiharusi, upande wa kushoto ukalala, akalazwa siku ishirini na mbili, na daktari alipotuambia tujiandae, mimi nilijiandaa kwa namna yangu, nikaenda kwake na mkokoteni, nikachukua lile godoro, nikaacha langu lililobonyea katikati kama bakuli, nikijidanganya kwamba namtunzia lisiliwe na panya. Mke wangu alikataa kulilalia, akasema, "Mwenyewe yu hai, baba watoto, lala wewe," nami nikalala, na nakiri mgongo wangu ulipona.

Kumbe Mungu hakuwa ametia sahihi, dada akarudi nyumbani tarehe 27, hawezi kujigeuza, maneno yanamtoka kwa shida, akalazwa juu ya bakuli langu, nami nikanyamaza. Tarehe 8 Machi binti yake mkubwa alipokuwa akimwogesha akakuta kidonda kwenye nyonga, kipana kama kizibo cha soda, na muuguzi aliyekuja kukisafisha alibonyeza godoro mkono wake ukagusa mbao, akauliza, "Jamani, mnamlaza juu ya nini?" Nilitoka, na niliporudi nilikuwa na godoro lake kichwani, mchana kweupe, jirani akiniuliza, "Mjomba, unahama?", nikamjibu hapana, narudisha.

Nilipiga magoti nikamweleza yote, naye kwa mdomo uliopinda akauliza, "Lakini ulilala vizuri?", nikasema ndiyo, akacheka kwa nusu ya uso, akaniambia, "Basi siku ya kunizika uwaambie watu." Alinisamehe palepale, ila kidonda hakikuwa na haraka, na kila asubuhi na jioni nilikwenda kumgeuza, nikimwomba Mungu jambo moja tu, dada asiondoke na jeraha nililompa mimi. Tarehe 19 Mei muuguzi alisema, "Kimefunga, baba," nikainama nikakitazama mwenyewe.

Tarehe 2 Septemba, saa mbili asubuhi, baada ya chai, kiharusi kilirudi, akafariki kwa utulivu kitandani kwake.

Tunawashukuru madaktari, muuguzi wetu, madobi wenzake walioleta mashuka yaliyopigwa pasi, na ninyi majirani, na zaidi kina mama mliomwosha jana, mliotoka chumbani mkaniambia ngozi yake ni nzima toka kisigino hadi shingo, nikaketi kizingitini nikapumua, nikamshukuru Mungu kwa sauti bila kujali nani ananisikia.

Dada yangu, Bwana akupokee, upumzike kwa amani.