Ukuta Uliogoma Asubuhi

Benchi letu liko kando ya kibanda cha Kinyozi, chini ya dirisha la mama yake Dada Karani. Mama alivunjika nyonga, na tangu arudi kutoka hospitali hajavuka kizingiti. Leo Dada Karani aliketi nasi, kompyuta mapajani, maana mtandao unashika vizuri hapo. Bosi wake wa zahanati amekubali afanyie kazi nyumbani ili amuuguze mama, ila kabla ya saa sita mchana aifikie kompyuta ya ofisini kutoka huku. Akishindwa, kesho arudi ofisini, mama abaki peke yake. Kahawa ilikuwa imeshamiminwa.

Kinyozi: Bado inagoma?

Dada Karani: Inasema haiwezi kuunganisha.

Kinyozi: Ni huo ukuta wa moto. Jina lenyewe linaunguza!

Dada Karani: Ni ulinzi tu, kaka. Unachagua nani apite. Jana mimi na fundi wa ofisi tuliuelekeza uiruhusu programu hii moja, kwa ajili yangu tu.

Breki, dereva mstaafu asiyekosa jibu, akaweka kikombe chini.

Breki: Mlimwambia askari wa jana. Wa leo hana habari.

Kinyozi: Askari ndani ya kompyuta?

Breki: Wadogo. Wana zamu zao, na wengine ni wasinziaji.

Kinyozi: Basi dada, zima ukuta mzima! Ukishaingia utauwasha.

Dada Karani: Nikiuzima, sitaingia peke yangu. Mle mna majina ya wagonjwa na maradhi yao. Hata lile jipu lako.

Kinyozi: Uache! Uache kama ulivyo!

Breki: Au ni joto. Ile ya ofisini imezoea feni. Ikihisi jua la huku, inajua huyu si mwenzangu.

Kinyozi: Mzee Breki, kunywa kahawa.

Dada Karani akabonyeza tena. Alama ikazunguka, ikazunguka, ikakataa. Akajifuta jicho kwa ncha ya mtandio, akasingizia vumbi.

— Mwanangu, ikasema sauti nyuma yetu, hiyo ya kazini imewashwa?

Breki akachungulia kikombe chake. Kinyozi akajikuna kichwa.

Dada Karani: Kila jioni mimi ndiye ninayezima vyote. Wanaosahau nawagombeza. Na jana... nikazima.

Akampigia mlinzi wa zahanati. Tukasikia funguo zikigongana, kiti kikiburutwa, kisha, "Imewaka, dada."

Akabonyeza. Safari hii ukuta ukampitisha, programu ikamwomba nenosiri, na kompyuta yake ya ofisini ikajitokeza kiooni, mafaili yote mahali pake.

Breki: Si nilisema askari wamelala?

Tulicheka hadi kahawa ikamwagika. Dada Karani akageuka kumshukuru aliyeuliza, akaduwaa. Mama alikuwa amesimama nje ya mlango, ameegemea chuma chake cha kutembelea, anahema, anatabasamu.

Dada Karani: Mama! Umefikaje huku?

— Kwa miguu. Kwa kelele zenu hakulaliki. Haya, sogeeni nikae.

Benchi zima likasogea.