Njia ya Kupandia Jabali

Barazani pa duka la Dawood, Mikindani, kahawa ilikuwa moto na uongo moto zaidi. Kesho yake Alefiya, binti wa Dawood, alikuwa anawapeleka wageni Masasi kupanda jabali, maana siku hizi watu wanalikimbilia kama pilau ya bure, na Athumani Kwato alishajitapa mji mzima kuwa yeye ndiye kiongozi. Eti amelipanda kama mbuzi! Ukweli aliujua mkewe Zuhura tu, na si kwamba Zuhura ana kifua cha siri, ni vile hajaulizwa. Mwaka mmoja alifuatana na vijana wa mjini, nao walipopanda, Athumani alibaki chini ya mkorosho, akala mihogo yao, akalala, akarudi nyumbani anachechemea kwa fahari. Shabani Redio naye anadai kapanda mara tatu. Akimbana kwa swali moja tu, kwisha habari yake.

— Kule juu kuna bwawa, alianza Shabani. Kambale hawa hapa, hadi kiwikoni!

— Wapo, alisema Athumani, akaungua ulimi. Wanene.

— Bwawa gani? alidakia Kasiani Injinia, aliyewahi kulinda geti la mtambo wa gesi kule Madimba. Lile jabali ni kifuniko cha gesi! Niliweka sufuria kileleni, maji yakachemka. Likisogea kidogo, majiko yote ya Dar yanazimika.

— Acha kamba, Injinia!

— Muulize Kwato!

— Paliniunguza nyayo, alisema Athumani, jasho likimtiririka.

— Mie niliona mpaka Msumbiji, Shabani akapandisha dau. Mama mmoja anaanua nguo. Nikampungia, akajitanda khanga! Na nilipanda mbio mwanzo mwisho. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka, mie nikaipata!

Alefiya akatoka dukani, simu sikioni.

— Shikamooni wazee wangu.

— Marahaba!

— Dereva anauliza, njia ya kupandia inaanzia upande gani wa jabali?

Shabani akachungulia kikombe kitupu. Kasiani akainama kufunga kamba za viatu, naye alivaa kandambili.

Athumani akawatazama mmoja mmoja, kifua kikamfunguka. Kumbe hakuna aliyepanda! Miaka yote hiyo anawaogopa waongo wenzake! Akacheka mpaka kofia ikadondoka.

— Mwanangu, mie sijui. Mwisho wangu mkorosho wa chini.

— Afadhali umesema, babu. Kiongozi tutampata huko huko kwa wenyeji. Ila nataka mtu wa kukaa chini na mizigo.

Mikono mitatu ikanyooka.

— Babu Athumani, alichagua Alefiya. Mkorosho anaujua.

Athumani akajimiminia kahawa ya mwisho, roho kwatu.

— Wahenga hawakukosea, alisema. Mchumia juani hulia kivulini. Juani watachuma wageni.